Mjomba Aliyeitwa Mwarabu

Mjomba aliposilimu kule Beni, babu alisema mwanawe amekuwa Mwarabu, na Mwarabu hana shamba Vuhovi. Shamba la mjomba, babu akaliuza.

Mjomba akafa hukohuko Beni wakati wa vita. Vizuizi vya askari vilituchelewesha njiani kutoka Butembo, tukakuta Waislamu wameshamzika, maana wao hawalazi maiti. Babu, kwa hasira, akataka aonyeshwe Mwarabu aliyemzika mtoto wake. Imamu akajitokeza, Munande kama sisi.

"Papa, hapa Baarabu hapana. Mutoto yako alikuwa anasali kwa Kiarabu, lakini mu homa alikuwa anakuita kwa Kinande."

Babu akaketi chini. Kisha akaomba mjomba afukuliwe, akalale katika shamba lake Vuhovi. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumkumbusha.