Mawaridi Meupe Yaliyokunywa Wino

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Kisangani, kapita, yaani msimamizi wetu wa bustani, alinipa kisu na ndoo. Nikakata waridi hewani. Akaninyang'anya kisu.

"Mutoto, umeiua! Kata ndani ya maji!"

Akanieleza kwamba ndani ya kikonyo mna mirija myembamba kuliko unywele. Hewa ikiingia humo, njia inaziba, na ua linakufa kwa kiu huku limesimama majini. Ninyi vijana mnaouza maua ya plastiki hamna habari hiyo, na mnaniudhi.

Uhuru ulipokuja, meneja alitaka meza zote ziwe na maua ya buluu kama bendera mpya ya Kongo. Ya buluu tutayatoa wapi? Tukatia mawaridi meupe kwenye bluu ya kufulia. Yakabaki meupe pepe! Bluu ile ni unga tu, inatuama chini ya ndoo. Wino wa shule ndio ulioyeyuka ukapanda hadi juu, nami nikapiga magoti mbele ya ndoo kama niko kanisani.

Halafu waasi wakauteka mji, meneja akakimbia. Asubuhi moja akaingia komanda wao, macho yamemwiva kwa kulia. Mdogo wake alikuwa ameuawa, na alitaka maua mekundu juu ya jeneza kabla ya jioni. Yetu yalikuwa meupe yote.

"Papa kapita," alisema taratibu, "kama iko nyeupe, nitakuzika pamoja naye."

Kapita hakubishana. Alimimina wino mwekundu kwenye ndoo, tukakata vikonyo upya majini. Nilipoanza kupukutisha majani ili yapendeze, alinipiga mkono.

"Acha! Majani ndiyo inavuta."

Jua na upepo hunyonya maji ya majani, nayo majani huvuta mengine kutoka chini. Basi akazitoa ndoo uani, juani kabisa. Komanda akafoka, "Unayakausha kusudi?"

"Ngojea kidogo, chef," kapita alimjibu, yaani mkuu kwa Kifaransa. "Inakunywa."

Kapita ndiye aliyenilea mjini; sikuwa na mwingine. Sala zote nilizojua ziliniishia. Kisha, pembeni mwa waridi moja, ukatokea uzi mwekundu. Ukafuata mwingine. Lo! Hakuna aliyelipaka, hakuna aliyeligusa, na wekundu unapanda wenyewe! Komanda akaweka bunduki chini, akachuchumaa, akausogeza uso wake karibu.

"Iko na moyo wa kusukuma maji?"

"Hapana, chef. Haina."

"Na mumeikata?"

"Tumeikata."

Akalia pale pale, mtu mzima yule, mbele ya askari wake. "Mudogo wangu alikuwa na moyo," alisema.

Mawaridi yalipokolea wekundu, kabla ya jioni, alizibeba ndoo mwenyewe hadi kwenye jeneza. Kapita aliishi, akazeeka, akaniachia bustani, nami sasa nimestaafu. Bado nikiona ua lililokatwa likinywa maji, nashangaa kama siku ile, na namwombea yule marehemu ambaye sikuwahi kumwona uso.