Lile Shamba Tulilolima Mlali

Leo nimeumbuka kanisani, kwa kosa nililofanya enzi za Ujamaa.

Makanisa yetu matatu ya Anglikana, majirani, yalikuwa yanafunga mwaka wa kutembeleana. Baada ya ibada, watu wakiwa wanakula, nikaombwa niwasimulie vijana huduma zetu za zamani.

Nikasimama kifua mbele.

Nikawaeleza jinsi kwaya yetu ilivyokwenda kijijini Mlali na majembe, ikamlimia mjane mgonjwa shamba zima kwa asubuhi moja, huku tunaimba. Makofi yakapigwa. Ningekaa hapo hapo, yangeisha salama.

Bi Zainabu, jirani yetu Mwislamu tuliyemwalika, akanyoosha mkono taratibu.

"Kaka, samahani. Lile shamba lilikuwa la baba yangu. La mjane lilikuwa linalofuata."

Mchungaji akainamia sahani yake.

Nikamuuliza, sasa mbona mzee hakutuzuia?

"Alisema tusiwakatize, mnaimba vizuri."

Watu wamecheka mpaka chai ikamwagika. Na mimi nimecheka, jamani, ningefanya nini?

Kisha akamalizia, kwa sauti ya chini kidogo: "Mlipoondoka tu, baba akachukua jembe lake, akaenda kulima la mjane. Siku tatu, peke yake."

Miaka yote hii mimi ndiye ninayepigiwa makofi.

Haya, nani mwingine hapa anatembea na makofi yasiyo yake? Jitokezeni, nisiwe peke yangu.