Volti Kumi na Mbili Kutoka Soko la Ishiara

Ilianza Alhamisi ya mwisho ya likizo ya Agosti, saa nane na robo mchana, siku ya soko hapa Ishiara. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeinamia simu ya Baba ili nisiangaliane na watu. Mimi niko hivyo. Mtu akinisalimia barabarani, jibu langu hufika akiwa ameshapita.

Nilikuwa natafuta adapta. Binamu yangu, ambaye hupakia miraa kwenye pickup kule Maua, alikuwa ameniachia ndege yake ya kuchezea, ile ya foamu nyeupe, pamoja na betri na chaja yake. Yeye hakuwahi kuhitaji adapta. Kabla pickup haijaondoka kwenda Nairobi, alikuwa anabana waya za chaja kwenye betri ya gari, ndege inashiba, basi. Sisi hatuna gari. Tuna stima ya ukutani, na stima ya ukutani ikiingia moja kwa moja kwenye chaja ile, inaiua. Lazima kuwe na kitu katikati cha kuipunguza na kuinyoosha.

Na haraka yangu ilikuwa hii: Jumatatu narudi bweni, na betri za namna ile hazipendi kulala tupu. Ikikaa muhula mzima bila chaji itashuka mpaka chaja ikatae hata kuitambua. Ndege itabaki pambo.

Nilikuwa nimeirusha mara moja tu, siku binamu alipoileta. Ilipanda juu ya shamba letu la ndengu, ikaelekea mlima Kiang'ombe, ikawa ndogo kama inzi, halafu ikageuka na jua likashika bawa lake. Tangu siku hiyo mimi huwa nusu chini na nusu juu. Naosha vyombo, kumbe niko kule. Naiona ikiendelea bila kugeuka, inapita joto letu la Mbeere, inapanda mpaka Kanja ambako watu huvaa sweta mchana, na kila kitu ni kijani na kimelowa. Ikiangalia nyuma inatuona kama leso kavu iliyoanikwa, na mto ni uzi umechomoka.

Basi, sokoni. Yule mama anayeuza vyombo vya stima vilivyotumika alikuwa ametandaza turubai lake: remoti, redio zisizo na mgongo, waya zilizoshikana kama mizizi. Baba alinitangulia. Yeye ni mnunuzi wa ndengu, na wote wanamjua.

"Mzee wa ndengu! Leo umekuja kununua ama kukagua?"

"Leo mnunuzi ni huyu msichana. Anataka adapta ya chaja."

"Ya volti ngapi, mrembo?"

Kumi na mbili, nilisema, lakini moyoni. Nje hakukutoka kitu.

"Ai, Mzee! Unamlipia karo na hajui kuongea?"

"Shule ya kuongea ni hiyo yako. Yake ni ya kusoma."

Walicheka, na mimi nikachuchumaa nisome migongo ya adapta. Chaja yangu imeandikwa ubavuni kwamba inakubali DC, umeme ulionyooka, kuanzia volti kumi na moja hadi kumi na nane. Adapta ya kwanza ilikuwa ya laptopu, volti kumi na tisa. Imepita kidogo tu, lakini kupita ni kupita. Nikaiweka chini. Karibu na remoti niliona nyingine, nyeusi, nyembamba, iliyotolewa kwenye kamera za duka fulani: DC, volti kumi na mbili, ampea tano. Nikahisi kama mtu ameniita jina langu kwa sauti ya chini.

Nikiwa bado naitazama, Baba alikuwa ameokota ya kwake. Baba hupima kila kitu kwa kiganja. Ndengu akizichota anajua zilikauka ama zilinyunyiziwa maji, na hajawahi kukosea. Sasa alikuwa ameshika adapta ya mraba, kubwa kama tofali dogo, anaipandisha na kuishusha.

"Hii ndiyo kitu. Sikia uzito. Hiyo yako nyembamba ni kama ganda, ndani hakuna mali."

"Mzee anajua," alisema mama wa turubai. "Za siku hizi zote ni upepo."

Nilisoma mgongo wa ile nzito. Volti kumi na mbili, sawa. Lakini mbele yake palikuwa na kialama cha wimbi. Wimbi ni AC, umeme unaoenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ile adapta ilikuwa inapunguza tu, kunyoosha haikujua. Uzito wote ule ni chuma na waya wa shaba. Nikafungua mdomo. Paa! Viganja vya Baba na mama wa turubai vikakutana.

Kwetu sokoni mkono ukipigwa, maneno yamekwisha. Mtoto akiyafungua tena amewatukana wote wawili. Nikafunga mdomo, nikalibeba lile tofali mpaka nyumbani.

Kwetu pia hakuna kitu cha stima kinachowashwa kabla hakijaombewa. Televisheni iliombewa, pasi iliombewa, hata simu ya Baba. Mama yangu alifuta mikono kwa kanga, akaweka kiganja juu ya adapta, na sisi tukainama.

"Bwana, tunaleta hiki chombo mbele zako. Kilikotoka hatukujui, wewe unakujua. Kama kilikuwa na mkosi wa nyumba nyingine, uukate. Kimtumikie huyu mtoto na betri yake..."

Nilikuwa nimefumba macho na naiona chaja ikitoa moshi. Niliona ndege imening'inizwa msumarini, vumbi juu ya bawa, na mimi nimekuwa mtu mzima. Maombi ya Mama ni marefu, lakini siku hiyo niliomba yasiishe.

"Amina."

Baba akanyoosha plagi kuelekea ukutani. Mkono wangu ulienda wenyewe ukafunika soketi.

"Ngoja, Baba."

"Nini?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, nikawaonyesha wimbi na nikawaonyesha chaja. Baba akaweka plagi chini.

"Umejua saa ngapi?"

"Sokoni."

"Na ukanyamaza."

"Mlikuwa mmeshapiga mkono."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe nimeombea muuaji!"

"Basi irudishwe," nilisema.

"Na nani?" Baba alikaa kwenye kiti. "Mimi? Watu wakinirudishia ndengu huwa nawaambia nini?"

"Mkono ukipigwa, gunia limeolewa," Mama alijibu, akiiga sauti yake vizuri sana.

"Haswa. Nikionekana kesho nikirudisha hii, mpaka jioni nitakuwa na magunia ya Ishiara nzima hapa mlangoni." Akaniangalia, akafikiri kama anayetafuta mlango wa nyuma wa sheria yake mwenyewe. "Lakini wewe hukupiga mkono na mtu."

Jioni nzima nilichambua ndengu huku nikitengeneza sentensi moja. Niliigeuza, nikaipunguza, nikaitoa mawe.

Asubuhi nilienda kwa yule mama wa turubai, nyuma ya posho mill ya kusaga unga, kabla mashine haijaanza kunguruma. Hodi yangu ya kwanza ilisikiwa na kuku tu. Ya pili ilimtoa nje, mswaki mdomoni.

"Hii ni AC," nilisema. "Nataka ile ndogo ya DC, volti kumi na mbili, ampea tano, iliyokuwa karibu na remoti."

Alitema povu kando. "Kumbe ulimi upo! Ile ya kamera? Kila mtu anaishika na kuirudisha chini. Baba yako anajua umekuja?"

"Anajua, lakini hayupo hapa."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Basi huyo asiyekuwepo umpe salamu." Akaniletea ile nyembamba, na kwa kuwa ilikuwa ya bei ya chini, akaongeza tepu ya waya ili tusidaiane.

Nyumbani Mama aliiombea hii nayo, kisha nikaweka chaja kwenye saruji ya mlangoni, mbali na mapazia. Nikafunga waya zake kwenye adapta kwa tepu, nikachomeka plagi, na kioo chake kikawaka buluu. Nikaunganisha betri. Ina seli tatu ndani, na mbili zilisoma vizuri. Ya tatu ilikuwa imeshuka sana na chaja ikalia, ikakataa. Halafu nikashusha ampea mpaka chini kabisa, kama unavyomnywesha mgonjwa uji kwa kijiko, nikabonyeza tena. Haikulia. Tarakimu ya seli ya tatu ilisimama palepale muda mrefu, kisha ikapanda moja. Sikuita mtu. Nilikunja sketi, nikakaa kwenye saruji, nikaitazama ikipanda.