Afisa wa Maji na Eda Yangu

Barua ya mamlaka ya maji ilikuya nikiwa katika mwezi wa pili wa eda. Mume wangu amefariki, na mimi nimekaa ndani kama inavyopasa, miezi minne na siku kumi, bila kutoka na bila kuonana na mwanamume asiye maharimu yangu. Barua haikujua hayo. Alinisomea binti yangu kitinda mimba, mwalimu wa chekechea hapa hapa Shela, kwa sababu mimi nimesoma chuo cha Kurani na miaka miwili ya ngumbaro, masomo ya watu wazima, na barua za serikali hawaandikiwi watu wa ngumbaro.

Ilisema mamlaka ina uwezo, kwa mujibu wa sheria, wa kuingia katika ardhi au jengo lolote lenye kisima, saa za mchana, baada ya kutoa taarifa. Ina uwezo wa kupima kina, kuchukua mai yakapimwe chumvi, kung'oa pampu isiyo na kibali, na kukiziba kisima kwa saruji endapo mwenyewe atakataa kukaguliwa. Binti yangu alipofika kwenye saruji akasita. Nikamwambia aendelee. Akasema pamebaki sahihi tu.

Sababu yao naijua, wala siipingi. Mai matamu ya Shela yamelala chini ya vilima vya mchanga, na ukiyavuta kwa pupa bahari yaingia mahali pake. Kila nyumba ya wageni ina pampu. Na sisi tulikuwa nayo moya.

Kisima chetu kiko uani, kimeegemea ukuta wa msikiti. Marehemu alikitoa wakfu zamani: mai yakimwagwa kwenye mfereji hupita ndani ya ukuta na kuingia katika birika la kutawadhia. Alitaka iwe sadaka yake inayoendelea, ili yeye akiwa kaburini na watu wakitawadha, aandikiwe thawabu. Alipozeeka akatia pampu. Kibali hakutafuta. Akisema haombi ruhusa ya kufanya heri. Basi mtu hajamaliza miezi miwili kaburini, na barua imekuya ya kuziba kitu pekee alichojiwekea.

Afisa akafika siku ile ile iliyoandikwa, jambo ambalo sikulitarajia. Ni kijana wa bara. Jina lake nalijua, na la babake, na la mji walikotoka, lakini binti yangu anayenichapia asema majina tuyaache. Akapiga hodi. Nikamjibu nyuma ya pazia kwamba niko eda, mwanamume haingii.

"Mama, sheria inaniruhusu kuingia," akasema.

"Yangu haikuruhusu."

Akauliza, kwa adabu tu, sheria yangu ni kifungu cha ngapi.

"Sura ya pili, aya ya mia mbili thalathini na nne."

Nikasikia karatasi. Alikuwa akiandika. Akaniomba nirudie namba, nikarudia. Akauliza eda yaisha lini, nikamwambia siku yake, akaiandika nayo. Kisha akanieleza shida yake. Fomu ina visanduku viwili, amekubali na amekataa. Akitia alama kwenye amekataa, saruji inakuya.

"Sikukataa," nikamwambia. "Mai uyaone. Mimi ndiye usinione."

Akaondoka bila kutia alama popote. Baada ya siku mbili akarudi na mwanamke, anayesoma mita za mai kule mjini Amu. Mwanamke akaingia, afisa akakaa kwenye baraza ya mlango akimwelekeza kwa sauti. Bibi yule hajapata kupima kisima maishani mwake. Afisa akamwambia shusha futi, ule utepe wa kupimia, naye akaishusha yote, pamoja na ncha ya kushikia. Tukaiopoa kwa ndoo. Mali ya serikali ikatolewa kisimani na ndoo ya wakfu.

Hukumu ikatolewa pale pale barazani. Mai bado ni matamu, na kuteka kwa mkono hakuhitaji kibali, kisima kibaki. Pampu itoke. Ikafunguliwa na mwanamke wa mita na binti yangu, ikatolewa mlangoni, afisa akaipokea na kunipitishia karatasi chini ya pazia.

Sasa birika. Wanaume wa msikitini hawawezi kuingia uani mwangu, na mai ya bomba hukuya yanapotaka. Siku ya kwanza niliteka mwenyewe hadi mabega yakakataa, na birika lilirowa chini tu. Nikamfikiria marehemu, aliyezoea kubonyeza swichi.

Lakini mwanamke wa eda hana uhaba wa wageni. Kila alasiri wanawake wa mtaa walikuya kukaa nami, kunywa kahawa na kumtaja marehemu kwa wema. Nikaweka sharti: kabla ya kahawa, ndoo kumi. Wa kwanza kuambiwa alikuwa mke wa jirani, mtu wa Chundwa aliyeolewa huku. Akauliza kama hiyo ni mila ya Shela. Nikamwambia ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu yana."

Akateka. Wakateka wote, wakarudi kwao na mikono ya nguo imerowa, na magharibi birika likawa limejaa. Wako waliopunguza kuya kunipa pole. Majina yao pia nayakumbuka.

Siku ilipotimia nikaoga, nikabadili nguo. Asubuhi ile ile, hodi. Ni afisa, alikuwa ameiandika siku. Nikamwambia karibu. Akavua viatu bila kuambiwa, akaenda kuchungulia kisimani. Hapakuwa na cha kukagua. Akaiona kamba, akauliza nani hujaza birika. Nikamtajia wote, na majina ya mama zao. Alipomwandika wa tisa akafunga kalamu.

Kisha akashika kamba. Ndoo ikagonga ukuta, ikafika juu nusu tupu.

"Teka kama mtu," nikamwambia.

Ya nne ikafika imejaa. Akamwaga mferejini, akasikiliza mai yakipita ukutani, akauliza haya yote anaandikiwa nani. Nikamweleza habari ya marehemu na sadaka yake. Shati lake lilikuwa limerowa hadi kwenye kitambulisho cha kazi.

"Na mimi, Bi? Naandikiwa?"

"Hilo haliko katika uwezo wangu."

Akaitikia kwa kichwa, mambo ya mipaka ya uwezo ayajua, akashusha ndoo tena.