Kurasa za Unga Uliokataa

Tanuri ni la chuo, lakini mwulize yeyote pale maabara atakuambia ni langu, na ukiligusa bila ruhusa utanitambua. Miaka kumi na tisa nimechoma humo unga wa kila mtafiti. Wote huniita Shangazi, hata profesa, ambaye kanizidi umri.

Binti mmoja wa shahada ya uzamivu alipokuja hakujua hata kushika kinu. Alikuwa anatafuta kauri mpya ya betri: unachanganya unga wa madini, unausaga, unauchoma siku mbili, halafu unapima kama umekubali kuwa kauri au umekataa. Mara tisa katika kumi hukataa. Nikamfundisha kazi kama nilivyofundishwa. Uliokubali, nakili kwenye daftari safi. Uliokataa, chana ukurasa, tandika chini ya kinu usinichafulie meza. "Nani anaweka kumbukumbu ya aibu?" nilimwambia. Akacheka, akachana.

Mwaka wa pili akachoka. "Shangazi, tutachoma mpaka lini? Haya madini yanachanganyika kwa njia milioni!" Akahamia kwenye kompyuta. Alijifunza mwenyewe, macho mekundu, chai inapoa pembeni, namna ya kuifundisha mashine isome matokeo ya zamani halafu ikisie mchanganyiko upi utakubali. Nikamtania kwamba kaniletea mke mwenza. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwezi wa sita, na kabla ya hapo alitakiwa kutoa unga mmoja tu uliochaguliwa na mashine, ukakubali. Mmoja! La sivyo shahada basi, arudi kwa mama yake, ambaye alishautangazia mtaa mzima kwamba mwanangu anakuwa daktari.

Akailisha mashine daftari safi lote. Ukiiuliza mchanganyiko huu, ndiyo. Na huu je? Ndiyo. Nikachoma michanganyiko kumi na saba, yote ikatoka mabonge ya kahawia. Hasira zikanipanda. "Hebu muulize huyo mke mwenza chumvi ya mezani na vumbi la chaki!" Akaandika. Mashine ikasema ndiyo.

Binti akavuta daftari safi, akalipekua. "Shangazi," akasema, "haijawahi kuona kilichokataa. Haijui kama kuna kukataa. Zile kurasa tulizochana ziko wapi?"

Nilicheka. Kisha nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka. Ziko wapi? Zilikwenda na takataka, mwanangu, wiki baada ya wiki, miaka yote hiyo, na mikono iliyozipeleka ni hii hii.

Tukakaa siku nne, mimi nakumbuka, yeye anaandika. Joto kiasi gani, Shangazi? Kali tu. Gramu ngapi? Sijui, mama. Kati ya maelfu nilipata arobaini na moja, na nusu yake nilibahatisha ili asikate tamaa. Mashine ikaanza kusema hapana, lakini ovyo ovyo, hata kwa unga ambao mimi na yeye tulishauona umekubali.

Ikabaki nafasi moja ya tanuri kabla ufadhili haujakwisha. Aliponipa unga wa mwisho nikausugua kwa vidole, nikajua. Nikamwambia huu hautakubali.

"Umejuaje?" Aliuliza kwa matumaini kabisa, kalamu mkononi.

Nilitafuta jibu, haki ya Mungu nililitafuta. "Najua tu," nikasema. Hilo huwezi kuilisha mashine. Akaweka kalamu chini. Tukauchoma kwa sababu hatukuwa na mwingine, na baada ya siku mbili nikatoa bonge la kahawia.

Ijumaa alikuja kuaga, koti la maabara kalikunja vizuri. Profesa alikuwepo, na watafiti wengine. Nilishajiandaa. Nilitaka anifokee, aseme mbele ya wote ni nani aliyemfundisha kuchana. Akanikumbatia.

"Asante, Shangazi," akasema, "kwa yote uliyonifundisha."

Na alimaanisha. Afadhali angenizaba kofi.