Mia Moja Thelathini Badala ya Tatu

Huyo supavaiza nilimchukia na mpaka leo namchukia. Ofisi ilikuwa tauni, katikati ya jiji, na kompyuta tatu. Mimi nilikuwa wa kupiga deki, beshte, rafiki yangu wa dhati, wa kuchapa. Nilipofukuzwa Kibera ndiye alinipa pa kulala kwake mtaa wa Kongo, Kawangware. Ukimgusa yeye, umenigusa mimi. C, lugha ya kuandikia programu, tulijifunza wawili, kwa fotokopi za kitabu supavaiza alikuwa ametutupia.

Siku moja akamwambia beshte, "Unajiita programa? Toa eksponenti ya namba ya desimali. Kesho asubuhi ikikosea, usirudi hapa."

Eksponenti si uchawi. Nane ni mbili mara mbili mara mbili, kwa hivyo eksponenti yake ni tatu. Kwa mashine hiyo namba inakaa nafasi thelathini na mbili, kila moja ni sifuri ama moja. Ya kwanza inasema ni chanya au hasi, nane zinazofuata zinabeba eksponenti, ishirini na tatu za mwisho ni mabaki. Beshte akasukuma mabaki nje, akachuja zile nane, b ikiwa ndiyo namba yenyewe: (b >> 23) & 255. Akaijaribu na nane. Screen ikaandika 130.

"Mia moja thelathini!" Supavaiza akacheka mpaka ofisi yote ikageuka. "Watu wa Kongo, endeni mkauze sukuma wiki sokoni!"

Nilikuwa nimeshainua mop ya deki nimpige nayo. Beshte akanishika mkono, "Wacha, jo." Kabla tutoke akanakili kwa karatasi vile mashine inaweka nane, mbili na moja.

Jioni tukatoa ungo. Nyumbani hatukuwa na mashine, kwa hivyo mahindi ilikuwa sifuri na maharagwe ilikuwa moja.

"Hiyo ni githeri ya watoto mnachezea," bibi wa beshte akafoka.

"Shemeji, dakika tano tu!"

Tukapanga. Nane ikasoma 130. Mbili, 128. Moja ikasoma 127, na moja eksponenti yake ni sifuri!

"Maze, hii mashine haianzii sifuri," nikapiga kelele. "Inaanzia mia moja ishirini na saba! Toa hiyo!"

Ndio nikafungua zile fotokopi. Ukurasa wa arobaini na moja, halafu wa arobaini na nne. Katikati, pale pa kueleza hiyo 127, hakuna kitu.

Asubuhi beshte akaongeza - 127 mwisho wa ile hesabu. Screen ikasema 3. Supavaiza akanuna, akachapa nusu, 0.5, mwenyewe, akingoja iharibike. Ikatoka -1, na ndiyo jibu, maana nusu ni moja ukiigawa kwa mbili mara moja.

"Nani amekufunza?"

"Huyu wa mop."

"Na ukurasa wa arobaini na mbili uliuficha wapi, buda?" nikamuuliza mbele ya watu wote.

"Wewe toka! Umefutwa!"

Beshte akasimama atoke na mimi. Nikamsukuma kwa kiti. "Kaa hapo! Watoto wako watakula hasira yangu?"

Akakaa. Mimi nikamwaga ndoo ya maji chafu kwa mlango wa supavaiza, nikaenda Kawangware kwa miguu.