Ukurasa wa Tanga

Ukurasa wa Jinja niliumaliza kwa siku mbili. Nilieleza mahali mto Nile unapoachana na ziwa, roshani za maduka ya zamani, na chapati ya mayai inayoliwa kwa kusimama. Niliwahi kukaa huko Uganda mwezi mzima kwa utafiti wangu, na hakuna lililonitokea.

Ukurasa wa Tanga ulibaki na kichwa tu. Mwenye ofisi ya safari aliyenipa kazi hiyo, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Nairobi, ana chumba kimoja juu ya duka la vitambaa katikati ya jiji hilo. Huniita daktari, ingawa tasnifu yangu haijakamilika. Alisema kijitabu chake cha wageni kingeenda kwa mpiga chapa Ijumaa, na kama Tanga haingekuwa tayari angeitoa. Sikutaka itolewe. Shangazi aliyenilea amezikwa huko.

Jumatano nilimpelekea rasimu. Aliisoma hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Daktari, hii ni ya mgeni ama ni ripoti ya polisi? Watu wako wapi?"

Kweli, nilikuwa nimeandika umbali kutoka mpakani Horohoro na mpangilio wa mitaa ya Ngamiani, ambayo huitwa kwa namba: barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Mtu sikumtaja hata mmoja. Ndipo nikamweleza, kwa sauti ile ile ninayotumia kueleza mbinu za utafiti, jambo ambalo sikuwa nimemweleza yeyote.

Shangazi alirudi kwao Tanga alipozeeka, nami sikuwahi kumtembelea. Miezi minne iliyopita nilipigiwa simu alfajiri. Ndugu walikubali kuchelewesha mazishi hadi baada ya swala ya alasiri ili nimwahi. Nilipanda ndege hadi Mombasa, nikakodi gari, nikashushwa Ngamiani zikiwa zimesalia dakika arobaini. Nyumba ilikuwa barabara ya kumi na mbili. Nikaanza kuhesabu, kumbe nilianzia upande usio sahihi. Kila baraza ilikuwa na watu, na yeyote kati yao angenionyesha. Lakini Tanga huulizi njia kabla ya salamu, na salamu za huko zina habari za utokako, za nyumbani, za safari. Nikapiga hesabu kwamba sina muda wa salamu. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wakikung'uta udongo mikononi.

Mzee alinisogezea kikombe cha chai. Kisha akasema, "Sasa andika hiyo."

Nilimwambia mazishi hayawekwi kwenye kijitabu cha wageni.

"Si mazishi. Andika vile ungeuliza njia."

Nilirudi Lavington, kwenye chumba cha uani ninachopanga, nikaandika upya hadi Alhamisi jioni. Aya ya mwisho inasema: *Mitaa ya Ngamiani ina namba, lakini usiihesabu. Msogelee yeyote aliyeketi barazani, msalimu, mwache amalize kukuuliza ya kwenu, kisha taja nyumba unayoitafuta. Huenda akasimama akupeleke.*

Ijumaa aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya ile ya Jinja bila kubadili neno. Kisha akauliza kama nina picha ya Tanga ya kuweka hapo juu.

Sina. Siku ile nilikuwa nikihesabu mitaa tu.